Toa Thelathini na Mbili Kwanza

Hesabu ya kugeuza Farenhaiti kuwa Selsiasi ni ya mstari mmoja: toa 32, zidisha kwa 5, gawanya kwa 9. Tuseme mtoto ana homa ya 104 kwa kipimo cha Farenhaiti. Ukitoa 32 unabaki na 72; mara 5 ni 360; gawanya kwa 9, unapata 40. Homa ya 40 ni kali, na mzazi yeyote akisikia hivyo anavaa viatu na kumbeba mtoto. Sasa pindua mpangilio. Zidisha na kugawanya kwanza, halafu ndipo utoe 32: 104 mara 5 ni 520, gawanya kwa 9 unapata karibu 57.8, toa 32, jibu ni 25.8. Mtoto yule yule anayeungua amekuwa na ubaridi wa maji yaliyokaa kwenye ndoo tangu asubuhi. Namba zote tatu zimetumika, hakuna iliyosahauliwa, na jibu halina ukweli hata chembe.

Nimekaa na kanuni hii muda mrefu, na kinachonivuta ni huo mpangilio. Kutoa 32 ni kumwambia mwenzako: najua hukuanzia nilipoanzia mimi. Kuzidisha kwa 5 na kugawanya kwa 9 ni kumwambia: najua pia kwamba hatua zako si ndefu kama zangu. Yote mawili ni lazima, na la kwanza halikubali kuwekwa la pili. Ukienda upande mwingine, kutoka Selsiasi, mpangilio unageuka: unaanza na hatua, na 32 unaijumlisha mwisho, kwa kuwa safari hii wewe ndiye unayehamia kwenye mwanzo wa mwenzako. Anayelinganisha hatua za watu kabla ya kuuliza kila mmoja alianzia wapi atapata jibu, tena lenye desimali, na ataliamini. Hapo ndipo ninapoiona hatari.

Namba 32 yenyewe inaonyesha jinsi mwanzo unavyobadilisha kila kitu. Mwambie mtu wa Dar es Salaam kwamba kesho joto ni 32, naye anaujua mchana huo: ni wa Februari, shati limeshikana na mgongo, feni inazungusha hewa ile ile ya moto. Mwambie mtu wa Chicago kwamba kesho ni 32, naye anatafuta koti na kuwaonya watoto kuhusu utelezi wa barabarani, kwa sababu hapo ndipo maji yanapoganda. Wote wawili wamesikia namba moja, na kila mmoja ameielewa sawasawa kwa kipimo chake. Wakizungumza kwa simu bila kutaja kipimo, hakuna atakayekuwa amesema uongo, na hakuna atakayekuwa ameelewa.

Sisi tunaosema Kiswahili tuna nafasi nzuri ya kulishika jambo hili, maana tumekulia ndani ya vipimo viwili vya saa. Tiketi ya basi imeandikwa 06:00, kondakta anasema saa kumi na mbili asubuhi, na abiria anafika kwa wakati. Saa zetu huhesabiwa tangu jua linapochomoza, na tena tangu linapozama. Zile za kwenye tiketi huhesabiwa tangu saa sita usiku. Tofauti ni sita, na tunaijumlisha au kuitoa kichwani bila kujua kwamba tumefanya hesabu. Mgeni akishangaa kuambiwa chakula cha mchana ni saa saba, tunamweleza kwa upole, wala hatumwambii kwamba saa yake ina kasoro. Kila mwanzo una sababu yake: mmoja unafuata mwanga ambao mkulima na mvuvi wanauona kwa macho, mwingine unafuata kuanza kwa tarehe mpya. Lakini urefu wa saa ni mmoja. Safari ya saa nne ni ya saa nne kwa hesabu zote mbili, na hakuna anayetoa sita kwenye muda wa safari.

Kwenye joto kumeongezeka jambo la pili. Sifuri zimeachana, na hatua nazo zimeachana. Kutoka barafu inapoyeyuka hadi maji yanapochemka, Selsiasi inahesabu hatua 100, kuanzia 0. Farenhaiti inahesabu hatua 180 kwenye umbali huo huo, kuanzia 32 hadi 212. Ukirahisisha 180 kwa 100 unapata 9 kwa 5, na hapo ndipo zilipotoka zile namba mbili za kwenye kanuni. Digrii moja ya Selsiasi ni sawa na digrii 1.8 za Farenhaiti.

Watu wengi niliowasikia wakizungumzia Farenhaiti huiongelea kama upuuzi wa mtu aliyeshindwa kuanzia sifuri. Ningependa tumtendee haki zaidi ya hapo. Daniel Gabriel Fahrenheit alizaliwa mwaka 1686 huko Danzig, mji wa bandari ambao leo ni Gdańsk nchini Poland. Agosti 1701, akiwa na miaka 15, alifiwa na baba na mama siku moja, baada ya kula uyoga wenye sumu. Akapelekwa Amsterdam kujifunza biashara, lakini moyo wake ukahamia kwenye vyombo vya kupimia. Vipimajoto vilikuwepo Ulaya wakati ule, ila kila fundi alikuwa na alama zake. Chombo cha mji huu hakikusikilizana na cha mji ule. Hata vyombo viwili vya fundi mmoja, vikiwekwa juu ya meza moja, viliweza kutoa namba tofauti. Mtu angeweza kuandika joto la mji wake kila siku kwa miaka ishirini, na daftari lake lisimfae yeyote asiye na chombo kile kile.

Fahrenheit alichokitafuta maisha yake yote ni vyombo viwili vinavyokubaliana. Mwaka 1708 alimtembelea Ole Rømer, mwanafalaki wa Copenhagen, akaona jinsi alivyokuwa akiweka alama zake: chukua hali ambazo mtu mwingine anaweza kuzipata kwake, uzifanye nguzo, kisha gawanya katikati. Mwaka 1714 Christian Wolff, mwanafalsafa wa Halle, alipokea kutoka kwa Fahrenheit vipimajoto viwili vya spiriti. Akaviweka pamoja, vikaonyesha joto moja, kwa tofauti ndogo mno. Wolff alistaajabu kiasi cha kuchapisha habari hiyo. Sisi tunaonunua kipimajoto duka la dawa bila kuuliza kama kitakubaliana na cha hospitali tumesahau kwamba kulikuwa na siku ambapo makubaliano hayo yalikuwa habari ya kuandikwa kwenye jarida la wasomi. Ni baadaye ndipo Fahrenheit akahamia kwenye zebaki, ambayo hutanuka kwa utaratibu na kusafiri mbali kwenye joto na baridi kabla ya kuchemka au kuganda.

Maelezo ya kipimo chake aliyatoa London mwaka 1724, kwenye jarida la Royal Society. Nguzo zilikuwa tatu. Sifuri ilikuwa baridi ya mchanganyiko wa barafu, maji na chumvi ya amonia. Thelathini na mbili ilikuwa barafu na maji bila chumvi. Tisini na sita ilikuwa joto la mtu mwenye afya, likipimwa kinywani au kwapani. Hebu tuzitazame namba hizo kwa jicho la fundi. Kutoka 0 hadi 32 ni hatua 32. Kutoka 32 hadi 96 ni hatua 64. Zote mbili zinakatika nusu, na nusu tena, na nusu tena, mpaka unafika kwenye moja bila sehemu iliyobaki. Mtu anayechora alama kwenye ubao kwa mkono, akiwa na bikari, hana njia ya uhakika kuliko kukata nusu. Namba zinazotushangaza sisi zilimrahisishia kazi yule aliyezitengeneza. Tena sifuri yake ilikuwa chini sana, hivi kwamba siku nyingi za baridi za miji kama yake ziliandikika bila alama ya kutoa. Alifariki mwaka 1736. Waliomfuata wakakifunga kipimo kwenye 32 ya barafu na 212 ya maji yanayochemka, na kwa marekebisho hayo joto la mwili likasogea kutoka 96 alipoliweka hadi karibu 98.6.

Anders Celsius alizaliwa Uppsala, Sweden, Novemba 1701, miezi mitatu tu baada ya Fahrenheit kubaki yatima. Alikuwa mwanafalaki, na mwaka 1736 alijiunga na msafara wa Wafaransa ulioongozwa na Maupertuis kwenda kaskazini kabisa, bonde la mto Torne, kupima kama dunia imebonyea kwenye ncha zake. Mtu aliyesafiri namna hiyo lazima ajiulize: je, barafu inayeyuka kwenye joto lile lile huku na kule? Celsius hakuridhika na jibu la siku moja. Alirudia kipimo kwa miaka miwili, katika miezi ya baridi, hewa ikiwa nzito na ikiwa nyepesi, akikizika kipimajoto kwenye theluji inayoyeyuka, na alama haikuhama. Ya kuchemka ilihama. Ilipanda na kushuka kufuatana na kanieneo ya hewa, kwa hiyo akasema wazi kwamba nguzo ya pili haina maana bila kutaja kanieneo yake. Mwaka 1742 aliyawasilisha matokeo hayo: nguzo mbili, na hatua mia katikati.

Uangalifu wake huo unaonekana hadi leo kwenye majiko yetu. Mombasa maji yanachemka kwenye 100. Nairobi, karibu mita 1,700 juu ya bahari, yanachemka karibu 94, na kwenye kilele cha Kilimanjaro ni kama 80 na kitu. Mama wa nyanda za juu anajua kwamba maharage ya kwake yanakaa motoni muda mrefu kuliko ya shemeji yake wa pwani, hata kama sufuria zote mbili zinatokota kwa nguvu ile ile. Mia ya Celsius ni mia ya usawa wa bahari. Alilijua hilo, akalisema, na sisi tunaofundisha watoto kwamba maji huchemka kwenye 100, nukta, tumekata nusu ya maneno yake.

Jambo moja zaidi kuhusu Celsius: sifuri aliiweka kwenye maji yanayochemka, na mia kwenye barafu. Kwake joto lilipozidi namba ilipungua. Joseph-Nicolas Delisle, Mfaransa, alikuwa ametangulia kuhesabu hivyo, kwa hiyo Celsius hakuwa peke yake. Alifariki kwa kifua kikuu mwaka 1744, akiwa na miaka 42, na muda mfupi baadaye kipimo kikapinduliwa kuwa tunavyokijua. Jina lake limebaki kwenye kipimo ambacho yeye hakukitumia hivyo. Wala sioni kwamba amedhulumiwa. Kazi yake ilikuwa kuzithibitisha nguzo, na nguzo hazikuguswa.

Turudi kwenye hatua na mwanzo, kwa kuwa hapa ndipo watu wanapoumia. Mfugaji anayelea vifaranga wa siku moja akipata mwongozo ulioandikwa Marekani atakuta maneno haya: wiki ya kwanza joto la bruda, yaani banda la kulelea vifaranga, liwe 95, kisha punguza 5 kila wiki. Tisini na tano anaigeuza kwa kanuni, anapata 35, na ni sahihi. Kisha anaichukua ile 5 na kuipitisha kwenye kanuni ile ile: 5 toa 32 ni −27, mara 5, gawanya kwa 9, ni −15. Anabaki ameshika kalamu. Shida ni kwamba ile 5 ya kila wiki haina mwanzo. Ni umbali, na umbali hautolewi 32, kama vile safari ya saa nne haitolewi sita. Anatakiwa kuzidisha kwa 5 na kugawanya kwa 9 tu, apate 2.8, yaani kama digrii 3 kwa wiki. Na hata akikosea, vifaranga wenyewe watamwambia. Wakijikusanya chini ya taa au kuzunguka jiko la mkaa na kulia, wanasikia baridi. Wakikimbilia pembeni na kutweta wameachama, wamezidiwa na moto. Wakitawanyika, wakila na kulala popote, joto limewafaa.

Kosa la mfugaji huyo linaweza kutokea kwenye mambo makubwa zaidi. Makubaliano ya Paris ya mwaka 2015 yalitaka ongezeko la joto la dunia libaki chini sana ya digrii 2 za Selsiasi, na juhudi zifanyike lisipite 1.5. Kwa Farenhaiti hizo ni 3.6 na 2.7. Anayeigeuza 2 kama vile ni joto la siku fulani atapata 35.6, na atawatisha wasomaji wake kwa jambo ambalo halijasemwa na mtu yeyote, au atawafanya wacheke na kuacha kusikiliza lililosemwa. Mabadiliko ya tabianchi yanawagusa wakulima wetu moja kwa moja. Hayahitaji kuongezewa chumvi na hesabu mbovu.

Kuna usemi mwingine ambao ningependa uachwe kabisa: kwamba joto la leo ni “mara mbili” ya la jana. Julai huko milimani asubuhi ni 15, pwani mchana ni 30, na mtu anasema pwani kuna joto maradufu. Zigeuze kwa Farenhaiti: 59 na 86. Ile maradufu imeyeyuka. Kama ingekuwa mali ya joto lenyewe, ingebaki bila kujali tunapima kwa kipimo gani. Ilikuwa mali ya sifuri ambayo waliomfuata Celsius waliichagua kwa sababu zao. Hiki ndicho kigezo ninachokiamini kuliko vyote katika habari hii: badilisha kipimo, uone ni nini kimebaki. Kwamba pwani kuna joto kuliko milimani, kimebaki. Kwamba tofauti ya hapa ni sawa na tofauti ya pale, kimebaki. Mara mbili haikubaki, kwa hiyo haikuwa ya milima wala ya pwani.

Dada yangu anaishi Minnesota. Usiku mmoja, kule kwao ikiwa mchana, alimpigia mama yetu Tanga, nami nilikuwa nimekaa pembeni.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Mbona sauti hiyo?”

“Mtoto ana homa, mama. Kipimo kinasema mia na tatu.”

Mama alinyamaza. Amelea watoto na wajukuu kwa kipimo ambacho 38 ni homa, 39 ni homa kali, na 40 unatafuta usafiri usiku huo huo. Mia na tatu haikuwa na mahali pa kukaa kichwani mwake. Hakubishana nayo. Aliuliza: “Ananyonya? Leo amekojoa? Akilia machozi yanatoka? Ukimwita anakutazama?” Dada akajibu moja baada ya jingine, na nikaona mabega ya mama yakishuka. Mimi wakati huo nilikuwa naandika nyuma ya bahasha: 103 toa 32 ni 71, mara 5 ni 355, gawanya kwa 9 ni 39.4. Nikamwonyesha. “Thelathini na tisa na kitu,” akasema kwenye simu. “Haya, sasa nimekuona. Mpe dawa ya homa kama daktari wenu alivyokuelekeza, mpe maziwa, na mpeleke leo, usingoje kesho.”

Alivyouliza mama ni sawa na anachofanya mfugaji anapotazama vifaranga badala ya karatasi. Machozi, mkojo, macho yanayofuata sauti, hayo hayana digrii, na yanasomeka vilevile Tanga na Minnesota. Hata hivyo simdharau aliyepima. Daktari wa kule aliihitaji namba, na namba ndiyo iliyomfanya dada apige simu mapema.

Namba ya homa ina historia inayostahili kuangaliwa kwa karibu. Carl Wunderlich, daktari wa Leipzig, alichapisha mwaka 1868 kitabu kilichotokana na vipimo vya wagonjwa wapatao 25,000. Wastani wa mtu mwenye afya aliuweka 37. Alijua kwamba watu wanatofautiana, na kwamba mtu yule yule hupanda jioni na kushuka alfajiri. 37 ilikuwa katikati ya uwanja mpana. Namba hiyo nzima, isiyo na desimali, ikavuka kwenda kwa watu wa Farenhaiti. Mara 9, gawanya kwa 5, ni 66.6; jumlisha 32, ni 98.6. Tazama kilichotokea. Ile nukta sita haikutoka kwapani kwa mgonjwa yeyote. Imezaliwa na kuzidisha. Lakini familia nyingi za Marekani ziliishika 98.6 kama mpaka wa wembe, na mwenye 99 akajihesabu mgonjwa. Mwaka 1992 watafiti wa huko huko walipima watu wazima 148 wenye afya, wastani ukawa 98.2, yaani 36.8. Hata ile 100.4 inayotajwa Marekani kuwa mwanzo wa homa, ukiivua nguo, ni 38 yetu, wala hakuna aliyeikuta kwa darubini.

Hili linanigusa kama mwandishi. Tunapobeba maneno ya mtu kutoka lugha moja hadi nyingine, au ushahidi kutoka kwa aliyeona hadi kwa aliyeulizia, tunao wajibu wa kutomwongezea uhakika ambao hakuwa nao. Wunderlich alisema “karibu hapa”. Hesabu sahihi kabisa, isiyo na kosa hata moja, ikamfanya aonekane amesema “hapa hasa”. Anayegeuza 37 kwa uaminifu angeandika “kama 98 au 99”. Ingeonekana kulegea, na ingekuwa kweli zaidi.

Wazee wa Afrika Mashariki waliosoma enzi za Mwingereza walifundishwa Farenhaiti, na wengine bado wanalikumbuka joto la mwili kwa 98 na kitu. Uingereza yenyewe ilianza kutangaza hali ya hewa kwa Selsiasi mwaka 1962. Marekani ilipitisha sheria ya kuhamia vipimo vya metriki mwaka 1975, ikaufanya uhamaji huo kuwa wa hiari, na bodi iliyoundwa kuusimamia ikafungwa mwaka 1982. Nadhani kwa kazi zinazovuka mipaka, dawa na sayansi hasa, kipimo kimoja ni bora kuliko viwili, na ni haki kuwaomba Wamarekani waje walipo wengine. Ila bibi wa Minnesota anayejua kwamba 70 ni siku nzuri na 20 ni siku ya kofia hana ujinga wowote. Amelijua joto kwa mwili wake miaka yote hiyo, na namba zake zimejaa maana. Kumcheka ni kusahau kwamba naye, akisikia 32 yetu, anaona barafu.

Vipimo hivi viwili vina mahali pamoja pa kukutana. Kutoka barafu inapoyeyuka, shuka digrii 40 za Selsiasi: unafika −40. Shuka umbali huo huo kwa Farenhaiti: ni hatua 72, kwa kuwa hatua zake ni fupi, na 32 ukitoa 72 unapata −40. Ile tofauti ya mwanzo imeliwa kidogo kidogo na ufupi wa hatua mpaka ikaisha. Kaskazini mwa Minnesota kuna majira ya baridi ambapo joto hushuka hadi hapo, na siku hiyo dada yangu akitaja namba hatalazimika kutaja kipimo. Ukishuka zaidi, Farenhaiti ndiyo inayotaja namba ya chini zaidi. Kituo cha Vostok, Antaktika, Julai 1983, kilipima −89.2 kwa Selsiasi. Kwa Farenhaiti ni −128.6.

Kuna sifuri moja tu ambayo hakuna mtu aliyeichagua. William Thomson, aliyekuja kuitwa Lord Kelvin, aliipendekeza kuwa mwanzo wa kipimo ambacho hatua zake sasa zinaitwa kelvini: −273.15 kwa Selsiasi, −459.67 kwa Farenhaiti, mahali ambapo hapana joto la kupunguza tena. Ukihesabu kutoka hapo, ndipo “mara mbili” inapata maana, na ile pwani ya 30 inaonekana kuizidi milima ya 15 kwa kama asilimia 5 tu. Wanasayansi wanaihitaji. Mgonjwa mwenye kelvini 310 hahitaji kuambiwa hivyo.

Tarehe 20 Mei 2019 kelvini ilipewa maana mpya, iliyofungwa kwenye namba thabiti ya maumbile inayoitwa namba ya Boltzmann, na Selsiasi, ambayo sasa huhesabiwa kutoka kelvini, ikafuata. Maji aliyoyategemea Celsius hayashikilii tena nguzo yoyote ya kipimo chake. Yanapimwa kama kitu kingine chochote, na kwenye kanieneo ya kawaida ya usawa wa bahari yanachemka pungufu kidogo ya 100, kama 99.97. Waliofanya badiliko hilo walichagua namba yao kwa uangalifu mkubwa, isije ikamyumbisha mtu aliyekuwa akitegemea ile ya zamani. Muuguzi wa zamu kwenye zahanati ya kijiji hakununua kipimajoto kipya wala kufuta alama yoyote kwenye daftari la wagonjwa. 37 aliyoiandika tarehe 19 jioni ilikuwa 37 ile ile asubuhi ya tarehe 20.